Mtihani wa Kumsalimia Mdoli

Tatu, shoga yangu, mtani wangu,

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Wewe nikikuuliza najua utakachosema: "Hali gani, Mnyamwezi? Mtu yuko kaburini unamuuliza hali?" Basi nikupe yangu. Mwezi uliopita nilifeli kuzalisha. Usicheke kwanza. Nilifeli kumzalisha mdoli wa plastiki, mbele ya mwalimu, mimi niliyefanya kazi na wewe leba moja pale Temeke miaka ishirini na saba mpaka idadi ya watoto ikatupotea.

Ndiyo, chuo cha ukunga nilienda. Zile fomu tulizojazia kwenye meza ya chanjo, wewe ukiandika kwa kalamu nyekundu kwa ubishi tu, zilijibiwa wiki mbili baada ya arobaini yako. Tulichaguliwa wote wawili. Jina lako lilikuwa juu ya langu kwenye orodha. Wiki ya kwanza nzima mwalimu aliita "Tatu Salum" kila asubuhi, na kila asubuhi akaweka alama ya hayupo. Nilikuwa nimekaa palepale, na nilijua. Sikusema. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Niliona kama ukiitwa sana utatokea mlangoni na mkoba wako, unalaumu foleni ya Tegeta. Siku ya nane ndipo niliponyoosha mkono nikasema, "Huyo hatakuja." Mwalimu akauliza kama umeahirisha. Nikasema ndiyo. Ameahirisha! Nisamehe, neno jingine halikupita kooni.

Hata siku ya kuingia nilianza vibaya. Nilifungua mlango wa darasa, vijana karibu sitini wakasimama wote: "Shikamoo mwalimu!" Nami kwa mazoea ya kusalimiwa na wanafunzi wa mafunzo kule wodini, nikajibu, "Marahaba, kaeni." Wakakaa. Halafu nikaenda kukaa katikati yao, kwenye vile viti vyenye kimeza cha pembeni ambacho tumbo langu halikipendi. Mwalimu mwenyewe alipoingia, kijana wa miaka thelathini na kidogo, anaitwa Elia, hakuna aliyesimama. Walikuwa wananitazama mimi.

Huyu Elia nje ya darasa ananipa shikamoo na kunipokea mkoba. Ndani ya darasa ananiita, "Veronika, taja hatua nne za uchungu." Nikitoka nje ni mama, nikiingia ni Veronika, na mlango ni huohuo. Mpaka leo sijui nimwamkie au nimsubiri aniamkie. Kuna siku tulikutana kwenye kizingiti, kila mmoja akamngoja mwenzake aanze.

Nirudi kwenye mtihani. Ni wa vitendo, unaingia mmoja mmoja. Kitandani yupo mdoli, ana tumbo la mpira na miguu iliyokunjwa. Elia anasimama pembeni na karatasi ya kuweka tiki. Nilimhurumia, Tatu. Nilijisema, leo kijana ataona kazi. Nikanawa, nikavaa glavu, nikapanga vifaa, nikapokea kichwa, nikatoa bega, nikamfuta mtoto, nikakata kitovu, nikapokea kondo la nyuma na kulikagua. Hakuna nilichoharibu. Nikavua glavu nikasubiri anisifu.

Akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akanionyesha karatasi. Nusu ya juu ilikuwa tupu, naye akanisomea: Hukumsalimia. Hukujitambulisha. Hukumwomba ruhusa ya kumgusa. Hukumweleza unachofanya.

"Nimsalimie mdoli?" nikamuuliza. Sauti yangu ilipanda, nakiri.

Akasema taratibu, "Mama, mikono yako natamani ingekuwa yangu. Lakini huyu mama hajui kama uliingia humu ndani."

Nilitoka nikiwa nawaka. Nilifeli. Watoto wa juzi ambao hawajawahi kulowa maji ya uzazi wamefaulu kwa kumwambia plastiki "pole mama," mimi nimepewa sapu. Sapu ni kurudia mtihani, mara moja tu. Ukishindwa tena unadisko, ndivyo wanavyosema, yaani unafungasha virago. Kazini ningepokelewa, barua yangu ya ruhusa inasema hivyo. Ila ningemgusaje mama mwingine nikiwa nimeshapimwa na kuambiwa sijui? Hilo ndilo lililoninyima raha. Si diploma. Diploma uliitaka wewe: "Tustaafu na diploma zetu Vero, hata kama ni za kufungia maandazi." Mimi nilijaza fomu ili unyamaze.

Wiki ya kwanza baada ya kufeli niliamua kuacha. Ya pili nikaamua kubaki. Kisha nikaacha tena, nikakunja sare nikaiweka chini kabisa ya sanduku, kesho yake nikaitoa na kuipiga pasi. Nyumbani hawakujua kitu. Nilipika sana, wakadhani ni kwa sababu ya likizo ya chuo.

Jumamosi moja nikaenda machinjioni Vingunguti kununua nyama ya shughuli ya kipaimara. Nipo kwenye foleni, mwanamke mmoja ananitazama, ananitazama. Mimi nikamjua mara moja. Watoto wake watatu wote tuliwapokea sisi, wa mwisho alitoka na kitovu shingoni nikakitelezesha kwa kidole kimoja, unakumbuka wewe ulivyopiga vigelegele. Akaniuliza, "Samahani mama, wewe si wa kile kituo chetu? Sista Tatu yupo?"

Nikamwambia. Akaweka mfuko wa nyama chini akalia pale pale kwenye tope, watu wakatupisha. Akawa anasema, "Yule aliniitaga jina langu. Kila nikija, jina langu. Mpaka la mama yangu alilijua." Halafu akajifuta, akauliza kwa upole tu, hana baya, "Na yule mwenzake, aliyekuwaga na mikono myepesi? Yule sikuwahi kumjua hata jina."

Tatu, nilikuwa nimesimama mbele yake.

Sikumwambia ni mimi. Nilisema, "Yupo, anasoma." Nikanunua maini nikaondoka, na nilikuwa nimekwenda kununua nyama ya mchuzi.

Tangu siku hiyo sielewi chochote kuhusu maisha yangu ya kazi. Wewe ulikuwa unasema, "Mie mdomo, wewe mikono. Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo kimyakimya." Tukacheka, ikapita, nikaiona ni sifa. Kumbe ulikuwa unasalimia kwa niaba yangu. Uliomba ruhusa, mimi nikagusa. Uliwaambia "sasa tunatazama njia, vumilia kidogo mwanangu," na mimi nikatazama. Je, ile miaka yote nilikuwa mkunga, au nilikuwa nusu ya mkunga na nusu nyingine ni wewe? Siku ulizokuwa likizo, wale akina mama walijisikiaje na mimi peke yangu, mtu mwenye barakoa asiyesema kitu, anaingiza vidole? Nimejaribu kumkumbuka hata mmoja aliyenilalamikia. Hakuna. Lakini kwani walijua jina la kulalamikia?

Nakuwa mkali tena. Kuna saa nakasirika na Elia, kuna saa nakasirika na wewe. Ungeniacha niseme hata siku moja! Halafu nakumbuka siku uliyonisukuma kwa kiwiko mbele ya yule binti wa Mbagala ukasema, "Leo ongea wewe, mie koo linauma," nami nikamuuliza binti wa watu, "Umekula?" basi, nikaishia hapo. Ulinicheka hadi jioni.

Na msibani kwako je? Mimi ni mtani, nilikuwa na kazi yangu ya kuwachekesha wafiwa. Nilivaa gauni lako jeupe la kazini, nikaingia kwenye majamvi, nikawashika wanawake matumbo mmoja mmoja kwa sauti yako: "Sukuma, mama! Unataka nisukume mie?" Uwanja mzima ulilia na kucheka kwa pamoja. Mama yako mdogo alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Walisema hajawahi kuonekana mtani kama yule. Nikarudi nyumbani Bunju nikavua gauni, machozi nikayatafuta sikuyapata. Nilikuigiza vizuri mno, shoga yangu, sikupata nafasi ya kukuaga.

Kwa hiyo nilipoanza kujiandaa kwa sapu, nikajua dawa ninayo. Nitamsalimia mdoli kwa sauti yako. Kuna binti tunakaa naye jirani darasani, Irene, miaka ishirini na moja, ndiye anayenifundisha kupakua madesa, yale maandishi ya masomo, kwenye simu. Nikamwomba alale mezani awe mama mjamzito. Nikaanza: "Haya mwanangu mwenyewe, mke mwenzangu, karibu leba, nani kakufanya hivi?" Maneno yako yale yale. Irene alicheka kidogo, kisha akasema, "Mama Vero, huyo ni nani? Mie ningemuogopa. Sio kwamba ni mbaya. Naona tu kama wewe haupo."

Binti hakujui, usimkasirikie. Lakini alisema kweli, na mimi sikuwa na sauti nyingine ya kuweka pale. Tulijaribu tena na tena. Nilisoma kwenye karatasi kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikifungua mdomo niseme cha kwangu, mikono ndiyo inatangulia. Irene akabuni njia: akanifunga mikono kwa mtandio wake, akasema haifunguliwi mpaka niseme kitu ambacho yeye akiwa na uchungu angetaka kukisikia. Fikiria! Mkunga wa miaka hamsini na mbili amefungwa mikono na mtoto. Nikakaa. Nikakaa. Nikaona aibu, kisha nikaona hasira, na mwisho nikagundua kwamba ninachokiogopa ni yeye kunijibu. Mama akishakujibu anakuwa mtu, na mtu anaweza kufia mikononi mwako. Wewe ulilijua hilo ukaongea nao hivyo hivyo? Wale akina mama wawili tuliowapoteza, uliwajua majina, ndiyo maana ulikuwa unakwenda kufua mashuka ambayo si kazi yako kuyafua. Mimi nilikuwa napanga vifaa. Nilidhani mimi ndiye mwenye moyo mgumu na wewe ni mtu wa maneno tu.

Sapu ilikuwa Alhamisi. Mdoli ni yule yule, Elia yule yule na kalamu yake. Nilinawa. Nikasogea kitandani, nikaikumbuka karatasi, nikaisahau yote. Elia akakohoa. Ndipo nikasema, na sikupanga kusema hivyo:

"Habari yako, mama. Naitwa Veronika. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba nikiwa na mwenzangu. Mwenzangu amefariki. Leo niko peke yangu na naogopa kidogo, ila mikono yangu inajua njia. Naomba nikuguse. Nitakuambia kila ninachofanya."

Nikasema "amefariki," Tatu. Neno lile lililoshindikana wakati wa kuitwa majina. Machozi yakashuka yakaingia kwenye barakoa, na glavu nilikuwa nimeshavaa, sikuweza kuyafuta. Niliendelea kuzalisha hivyo hivyo huku naongea, kamasi zinatiririka, nikimwambia plastiki sasa natazama, sasa pumua, sasa usisukume. Kitovu nilikikata vibaya. Kondo nilisahau kulikagua, mimi! Hatua ambayo sijawahi kuiruka maishani.

Nimefaulu. Alama moja tu juu ya kufeli. Mara ya kwanza mikono ilikuwa sawa nikafeli, mara hii nimeharibu nikafaulu, na Elia aliweka tiki zake bila kunitazama usoni kwa sababu naye macho yalikuwa yamemlowa. Eti huo ndio usomi. Nikimuuliza mtu anielezee ananiambia hongera.

Sijui kama ninastahili kubaki. Sijui kama nakaa pale kwa ajili yako au kwa ajili ya yule mwanamke wa Vingunguti, au ni ubishi wa uzee. Nilidhani nikikuandikia nitajua. Sijajua.

Lakini Jumatatu tunapelekwa wodini kwa mafunzo, leba halisi, akina mama halisi, na nitavaa kibandiko cha mwanafunzi. Nakuahidi hili moja. Mama wa kwanza nitakayemkuta nitamwambia jina langu na nitamuuliza lake kabla mikono yangu haijafanya lolote. Nikijisahau nikaanza kimya, nitavua glavu mbele ya watoto wote wale, nitanawa, nitaanza upya. Na miaka miwili iliyobaki nitaimaliza.

Lala, Tatu Salum. Jumatatu asubuhi mwalimu akiita majina, nitaitikia la kwangu tu.

Mtani wako,
Veronika