Utambi wa Taya la Bibi

Hamisa, nina hasira hizo! Ndiyo kwanza leo bibi yangu Tunu kaniambia kwa nini taya lake limepinda.

Mwaka 1954, Temeke, bibi ana miaka minane, taya lina uvimbe wa maji. Daktari kautoboa, kaacha utambi wa kitambaa kwenye tundu ili maji yachuruzike taratibu.

Shangazi yake kuuona tu: "Jamani, wamemsahaulia kitambaa mdomoni!" Kauvuta wote.

KAUVUTA, Hamisa! Tundu likaziba, uvimbe ukarudi ukala mfupa, taya likavunjika akitafuna muhogo.

Na miaka sabini ukoo mzima tunamlaani daktari mzembe!

Nikamuuliza, "Bibi, kwani hukujua?"

"Nilijua. Daktari alinionya mie mwenyewe, usitolewe. Shangazi akasema achama. Mkubwa utambishiaje? Nikaachama."