Mstari Uliomsimamisha Mwenye Mtumbwi

Baba yangu uliyetangulia,

Mjukuu wako ameula mwanzo wa kitabu chako. Sasa hivi, mimi nikipalia wali makaa. Nimemkuta ameketi mkekani, shavu limejaa karatasi, mdomo mweusi kwa wino. Ukurasa wa kwanza umekwenda wote, imesalia Bismillahi tu pale juu.

Na leo baada ya alasiri ndiyo zamu yangu. Mpunga umeshavunwa, wanawake wa Ozi wanakuja kwa mama mkwe kunisikiliza nikikisoma, mara ya kwanza tangu ulipofariki. Wifi yangu kacheka mpaka kashika ukuta: "Kitabu hakina mlango, wifi! Tuingilie dirishani?"

Mwache acheke. Mlango huo niliuona ukichongwa.

Wakumbuka dungu letu la kulindia mpunga shambani? Mimi juu nikirusha mawe kwa teo kufukuza ndege, wewe ukiwapazia mistari watu wapitao mtoni. "Bismillahi ni ya kila kitabu," ukisema. "Unaofuata ndio wangu, sharti unase mtu." Mwenye mtumbwi akipita bila kugeuza shingo, mstari ule huuandiki. Mara ngapi tulirudi nyumbani na karatasi nyeupe!

Hata asubuhi moja ukaita:

Maji yalibisha hodi,
tukadhani ni mgeni.

Ukanyamaza. Yule Mpokomo wa Kulesa mwenye ndizi akaacha kupiga kafi. "Ee mzee! Mkafungua?" Wewe kimya. "Nakuuliza, mkafungua?" Mtumbwi ukaingia kwenye matete, ndizi zikamwagika majini, naye bado auliza. Ukanigeukia kwa kicheko: "Niletee wino, mwanangu. Huyu leo halali."

Mistari hiyo nimeiandika tena chini ya Bismillahi, kwa mwandiko wangu wa chuo cha Kurani unaokwenda upande. Beti zilizofuata zimo tumboni mwa mjukuu wako. Nimezitafuta kichwani, sizioni. Lakini ukurasa wa pili nyumba imeshajaa maji. Hapo katikati nitasimulia mwenyewe, maana mafuriko yale nilikuwamo, mgongoni kwako.

Zamani nilidhani mwanzo mzuri ni wenye maneno makubwa. Sivyo. Ni ule unaomwacha mtu mkono uko kwenye komeo.

Basi sina hofu, baba. Nitausoma, kisha ninyamaze kama wewe, na huyu huyu wifi yangu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza kama tuli—

Wanabisha hodi. Nakwenda kufungua.