Mke wa Kirimi Yuko Getini

Jumanne, Aprili 1996

Na ningefanya nini? Redio ya kuitana waliileta kiwandani, nami mlinzi wa geti nikapewa moja, ili madereva wa malori ya chai wapate ujumbe haraka. Sasa wanaitumia kupiga porojo, na akiongea mmoja, wengine hawasikiki.

Leo karani wa kituo chetu cha kununua majani alinipata kidogo tu. "Mzee, lori halijafika! Majani yanachomeka kwa joto kwenye magunia, akina mama watakataliwa majani yao!" Kisha porojo ikammeza. Madereva walikuwa wanabishana ni hoteli gani ya Nkubu inachoma mbuzi vizuri.

Nikaomba nafasi kwa adabu. Kirimi, dereva wa lori lenyewe, akanijibu, "Wee mzee, ngoja tumalize nyama."

Nyama! Na majani ya bibi yangu yako kwa hayo magunia.

Nikabonyeza, nikasema polepole, "Kirimi, mke wako yuko hapa getini. Anauliza jana ulilala wapi."

Kimya. Si Kirimi peke yake, madereva wote walinyamaza.

"Haya, kimbia kituoni kwetu, majani yanaharibika."

Yalifika yakiwa bado mazuri, yakakubaliwa yote. Kirimi akashuka na kilo mbili za nyama mkononi. "Mzee, yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani. Na amenuna."

Akaondoka mbio.

Mimi nilitaka tu anyamaze. Shida ni moja: huyo mama hakukanyaga hapa getini leo, na naogopa Kirimi alianza kuomba msamaha kabla hajaulizwa kitu.