Nimekula na Nani

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwalimu Kivuva wa upishi ametupatia fomu. Kila siku tuandike: nimekula nini, wapi, na nani. Hadi mwisho wa muhula! Anasema huwezi kusoma chakula cha watu kama hujui chako. Immaculate akacheka kwamba yake itajaa, kwao wako tisa mezani pamoja na shosho, nyanya yake.

Mimi: ugali, sukuma wiki, yai moja. Nyumbani, Noonkopir. Na nani — kalamu ilisimama hapo. Felix, kaka yangu, hutoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kazini Nairobi, na akirudi nimeshalala. Namfunikia sahani. Asubuhi naipata kwa sinki, imeoshwa. Hivyo ndivyo tunaongea.

Nikaandika "Felix". Uongo mtupu. Ndiyo maana nimenunua hii daftari ingine, ya kwangu.

Halafu kuna project. Kila mtu achague chakula kimoja cha hapa Kajiado, akifuate kwa mwenyeji anayekijua, ajifunze kukitengeneza. Tarehe 13 Juni mwenyeji wako anakuja chuoni, anaonja, anasema kama ndicho ama sicho. Akisema sicho, ama asipokuja, unarudia mwaka. Wenzangu wote wana watu wa hapa. Watu wangu wako Webuye.

Jumamosi, 10 Mei

Katoo, askari wa geti ya chuo, aliniuliza mbona nakula lunch nikiangalia ukuta. Nikamwambia shida yangu. Leo amenipeleka Kisaju kwa dada yake, Nashipae. Maziwa ya kibuyu!

Mama mrefu, shanga hadi mabegani, gumboots miguuni. "Takwenya!" akanisalimia kwa Kimaasai. Nikabaki kutoa macho. Msichana mwenye mtoto mgongoni akaninong'onezea: sema "Iko". Nikasema Iko. Wakacheka wote, na mimi pia. Sijacheka na watu tangu Pasaka.

Huyo msichana ni Seleyian, bibi ya Lemein, kijana wa Nashipae. Ameolewa mwaka jana tu. Tunalingana umri. Alisoma boarding, anaongea mbio mbio, lakini mama mkwe akiingia ananyamaza kabisa.

Nikaonja. Machachu, mazito, na moshi kwa mbali. Moshi wa jikoni, nadhani. Kibuyu chenyewe ni cha zamani, kamba ya ngozi, shanga tatu zimebaki. Nashipae alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Amesema nimuite Yeyo, yaani mama. Na nije kila Jumamosi.

Na nani: Yeyo, Seleyian, Katoo, mtoto. Nafasi imekuwa ndogo kwa fomu!

Jumatano, 14 Mei

Somo la usafi. Chombo cha maziwa: maji moto, sabuni, suuza mara mbili. Nimeandika yote.

Ndengu. Na nani: "Felix".

Jumamosi, 17 Mei

Matope ya Kisaju, mama yangu! Yamenivua kiatu mara mbili.

Ugali na maziwa. Baadaye Yeyo akaenda mkutano wa kina mama wa kanisa, Seleyian akaenda kumlaza mtoto. Nikabaki na vyombo. Kwetu msichana hainuki aache vyombo vichafu kwa watu, mama angenisema mpaka Krismasi. Nikaosha sufuria, vikombe, sahani. Kibuyu kilikuwa tupu pale kando, ndani masizi matupu. Nikakumbuka Jumatano. Maji moto, sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga. Tena. Tena! Maji yalitoka meusi, halafu ya kijivu, halafu safi kabisa. Nikakirudisha mahali pake kikinukia ndimu.

Seleyian alinikuta nikifuta mikono. Akaangalia sabuni, akaangalia kibuyu. Akafungua mdomo, lakini Yeyo alikuwa ameshafika mlangoni. Nadhani alitaka kunishukuru.

Nimerudi Noonkopir nikiimba. Nimefaa mahali leo.

Jumamosi, 24 Mei

Sijui niandike aje.

Nilikuta kibuyu nje, mdomo chini. Maziwa ya wiki nzima yameharibika. Yeyo alimwagia mbwa, mbwa akanusa akaenda zake. Alikuwa akimsema Seleyian kwa Kimaasai, sauti ya chini, muda mrefu. Seleyian amepiga magoti akipuliza moto ambao tayari unawaka.

Nikauliza kuna nini. Yeyo akanieleza kwa upole, kwa sababu nimekuja kusoma. Kibuyu hakioshwi na sabuni. Kinachomwa ndani na kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, chenye moto, kinasuguliwa, na ule weusi ndio unalinda maziwa. Kibuyu kinakunywa, akasema. Ukikipa sabuni kinakunywa sabuni. Hiki cha mama yangu kimeisha. Na ni huyu Seleyian, na mambo yake ya boarding. Kuanzia leo asiguse vibuyu vyangu.

Mimi nimesimama pale na kalamu. Kalamu!

Seleyian aliniangalia mara moja tu. Akarudi kupuliza.

Njiani Katoo akanieleza, bila kujua anamweleza nani. Bibi aliyekatazwa vibuyu hawezi hata kumpa mgeni wake maziwa, mpaka aombe mbele ya watu. Mbona asijitetee, nikauliza. Akasema bibi mgeni hamjibu mama mkwe. Basi nimejificha nyuma ya adabu ya mwenzangu.

Na nilikula. Yeyo alinichagulia nyama laini. Nikameza.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani sikupokea Meza ya Bwana.

Felix yuko nyumbani leo. Nilitaka kumwambia. Alilala kwa kiti na viatu, nikamfunika na leso.

Nikisema, Yeyo atanifukuza, hatakuja chuoni, nitarudia mwaka. Hiyo naweza kuvumilia. Ni kukosa Jumamosi siwezi. Sina meza ingine. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 31 Mei

Sikuenda. Nimemwambia Katoo niko na homa. Indomie.

Saa nane simu ikalia. Yeyo! Pole ya homa, nyama yako imewekwa. Nani amekupikia? Nikasema kaka yangu. Akasema nimpatie simu amshukuru. Nikasema ametoka kidogo. Halafu akauliza: "Nakerai, mtoto wangu, kwani wewe unakula peke yako?"

Nikakata. Nililia mpaka Indomie ikapoa.

Jumamosi, 7 Juni

Nilienda nikiwa nimeapa nitasema.

Yeyo alikuwa na kibuyu kipya. Changu! Siku ukiolewa utakibeba, akasema. Akanishikisha kijiti cha oloirien, kinawaka. Ingiza, zungusha, toa, sugua. Mkono wake juu ya wangu muda wote. Ningesema aje hapo?

Seleyian nilimpata nje kwa tanki, akichota maji. Nikamwambia pole, nitasema, naahidi. Hakuinua kichwa. "Sema ama usiseme. Lakini usinililie hapa kwa tanki, mahali hakuna mtu anasikia."

Nikarudi ndani. Yeyo akanipa chai. Sikusema. Mwoga mimi, mwoga kabisa!

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne na robo. Niko nje ya jikoni ya chuo. Immaculate yuko ndani na shosho yake, mimi ndiye nafuata. Naandika nikingoja.

Yeyo amekuja na shanga zote. Katoo amefunga tai. Seleyian ameambatana nao, mtoto mgongoni. Kibuyu changu alikibeba Yeyo mwenyewe kutoka Kisaju, ndani ya shuka. Mwalimu Kivuva alipotoka kumsalimia, Yeyo aliweka mkono kichwani kwangu akamwambia huyu anajua kibuyu kuliko bibi ya kijana wake. Wakacheka. Seleyian akamgeukia mtoto, akamvuta kofia iliyokuwa imekaa sawa.

Swali la kwanza la Mwalimu kwa kila mtu ni moja: ulikosea wapi? Niko na jibu mfukoni, kwamba niliacha maziwa juani. Nimelikariri. Ni zuri.

Lakini fomu nilirekebisha jana. Kila mahali niliandika "Felix" nimekata. Nimeandika "peke yangu". Siku thelathini na tatu! Nilidhani nitaona aibu, kumbe nilisikia tu kuchoka.

Makofi ndani. Immaculate amemaliza.

Yeyo amenipa kibuyu niingie nacho. Siwezi kukishika na kalamu pamoja. Seleyian ndiye yuko karibu, nikamwambia nishikie. Amekipokea kwa vidole tu, mbali na kifua. Mwalimu ameita jina langu. Yeyo amegeuka, ameona kibuyu kiko mikononi mwa nani, anauliza mbona nimempa huyo. Seleyian hajibu. Wote wawili wananiangalia mimi, na bado naandika