Jina la Daktari Aliyenitibu

Tanga, Mfunguo Tatu

Kwa mama yangu, Bi Atija, Quionga.

Shikamoo mama. Mimi mwanao Issa ni mzima, nala nashiba, na kabla hujauliza: ndiyo, nafunika kifua wakati wa baridi. Wewe je? Mguu umepoa? Tropa, hao askari wa Kireno, bado wanawazuia kwenda shamba, au mnaokota nazi zenu? Barua hii namkabidhi mjomba Selemani, yeye anajua pa kuvukia Ruvuma. Ukishasomewa, ichome.

Sasa cheka, mama. Mke wangu Zena amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tumempa jina lako. Una somo Tanga, na hasira zenu ni zile zile.

Mtoto huyo ndiye aliyenipeleka kwenye bima ya maisha. Usigune. Najua utasema nimekwenda kupimiwa kaburi. Ni hivi: kila mwezi unatoa kidogo, na ukifa mtoto wako anapewa fedha za kumlea. Nipo ugenini, wewe uko ng'ambo ya mto na vita viko kati yetu. Nikianguka, huyu atalelewa na nini?

Karani wa bima akaja karakanani kwetu, tunakochonga vitanda, na karatasi ndefu. Akauliza, "Umewahi kuugua kifua?" Wewe ulituapisha tusiutaje ugonjwa ule, usije ukasikia jina lake ukarudi. Tena Saidi, fundi mwenzangu, alikwisha kuninong'oneza, "Sema hapana. Ukikubali hawakuchukui."

Nikafungua mdomo niseme hapana. Karani akasema, bila hata kuniangalia, "Ukificha, siku ukifa tukigundua, mtoto hapati kitu."

Basi nikautaja. Kifua kikuu. Nisamehe mama, nimevunja mwiko wako. Nikaeleza yote: nilivyotema damu, ukanilaza peke yangu kibandani, na bakuli langu mwenyewe, na mafuta ya ini la papa asubuhi na jioni mpaka paka wote wa Quionga wakawa wananifuata. Miaka miwili hukukubali nibebe hata ndoo. Akauliza jina la daktari aliyenitibu. Nikasema Atija, akaandika.

Wakanipeleka kwa daktari wao, akanigonga mgongo, akanipiga picha ya kifua. Siku tisa za kungoja majibu, hata mtoto nilimpakata kwa hofu. Alhamisi nikaitwa. Daktari akasema kovu lipo, ugonjwa haupo. "Aliyekutenga na kukulisha vile alijua anachofanya." Wamenikubali, ila nitatoa zaidi kidogo kuliko Saidi. Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha.

Nisalimie dada Mwanaidi, msomaji wako, asiruke mistari. Nisalimie na mwalimu wangu wa chuoni, mwambie fimbo zake zimezaa mwandiko huu.

Nimesahau jambo. Kabla sijatia sahihi, karani aliisoma karatasi yote kwa sauti, kisha akarudi juu kwa kidole. Juu, daktari aliyetibu: Atija. Chini, atakayepokea: Atija.

"Huyu daktari wako na huyu mtoto wana udugu?"

Nikamwambia, "Bila yule, huyu asingezaliwa."

Mgonjwa wako aliyepona,
Issa