Mbuzi Aliyegonga Tangi

Baba Mwende,

Leo nimetoa darubini yako chini ya kitanda. Miezi mitano sijaigusa. Shemeji Musyoka ndiye aliyeiweka pale siku ya matanga, wakati wa kusimamisha hema nyuma ya jikoni, pale mahali petu. Nilimwambia aibebe kwa ile miguu yake mitatu, asiguse kitu kingine. Alifikiri ni uchungu unanisumbua, lakini alinisikia.

Mwende alirudi kazini Kitui. Kila jioni ananipigia kuuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Kibanda chako pale Zombe bado kimefungwa, na watu wananisimamisha sokoni kuuliza redio zao ziko wapi, kama vile umetoka kidogo unarudi. Muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe napika kwa sufuria ileile kubwa, halafu nakula kiporo siku tatu. Kupika chakula cha mtu mmoja sijui, na sitaki kujua.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya ile Alhamisi. Sijamwambia mtu.

Usiku huo wamama wa maombi walikuwa sebuleni kwetu. Wiki hiyo nilikuwa nimesikia maneno kanisani, eti fundi wa redio ana kitu cha kuchungulia boma za watu. Wewe ulicheka tu, ukauliza ni boma la nani lina kitu cha kushinda mwezi. Mimi sikucheka. Nilikuonea aibu, Baba Mwende. Wacha niseme vile ilivyokuwa.

Ndipo ukagonga tangi la maji mara tatu, vile ulivyogonga miaka yote ukitaka nitoke nije kuona. Mama mmoja akauliza ni nini hiyo. Nikasema, "Ni mbuzi anajikuna kwa tangi." Wakacheka. Ukagonga tena. Nikaanzisha wimbo, kwa sauti kubwa.

Asubuhi ulikunywa chai umesimama. Ulipofika mlangoni ukasema, "Haya, mbuzi wako anaenda sokoni." Hukuwa umekasirika. Ama ulikuwa umekasirika? Hapo ndipo usingizi wangu unaishia kila siku. Nilijifanya natafuta kifuniko cha sufuria. Saa sita wakanipigia simu kwamba umeanguka kibandani, ni presha. Basi.

Leo giza lilipoingia tu, nimeisimamisha kando ya tangi. Unakumbuka shida yetu ilikuwa macho. Wewe ulikuwa unavua miwani kutazama, halafu ukiniachia mimi naona ukungu mtupu, nakulaumu, nawe unanizungushia kile kigurudumu kidogo nusu mzunguko. "Jicho la Mama Mwende," unasema. Zamu yako ikifika, unakirudisha. Kwa hivyo leo nilijua nitaona ukungu, na nilikuwa nautaka. Nilitaka kuona pale jicho lako lilipoishia. Niliapa hicho kigurudumu sitakigusa maisha yangu yote.

Nikaielekeza kwa mwezi, nikainama. Mwezi ukaonekana wazi, na mashimo yake yote.

Nilimpigia Musyoka saa hiyohiyo, akaapa hakugusa. Najua hakugusa. Ulikuwa umeniwekea jicho langu kabla ya kugonga. Na nilipokosa kuja, hukukirudisha kile kigurudumu. Hukutazama tena peke yako. Uliifunika tu darubini na leso yangu kuukuu, ukaingia kulala. Ulitaka kunionyesha nini? Usiku ule mwezi haukuwepo, nakumbuka lile giza. Sitajua kamwe. Nimelia mpaka mbwa akaja kuniangalia.

Nisamehe, mume wangu. Sijui kama ulisikia wakicheka. Nafikiri ulisikia.

Pumzika, fundi. Sitakuambia nimepona, ungejua nadanganya. Alhamisi hii maombi ni kwangu tena. Wamama wakishaketi, nitatoka nje nigonge tangi mara tatu. Kisha nitarudi ndani niwaambie kwamba siku ile hakukuwa na mbuzi, alikuwa ni mume wangu ananiita nikaone. Halafu nitawapeleka nyuma ya jikoni, mmoja mmoja, watazame. Atakayeona ukungu, nitamzungushia.

Ni mimi,
Mama Mwende