Gesi ya Nguruwe na Maji ya Magadi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Ugali, maharage, supu. Wateja wanne tu. Tatizo si chakula, ni gesi. Mtambo wa gesi ya kinyesi cha nguruwe, tunayopikia, unawaka vizuri, lakini mgahawa mzima unanuka mayai viza. Mmoja kauliza, "Mama, kuna kitu kimekufa humu?" Aibu! Tangu mume wangu, Baba Xaveria, apunguzwe kazini, mgahawa huu ndio unaotulisha. Ukifa, tumekwisha.

Jumatano, 5 Juni

Baba Xaveria kapitisha gesi kwenye ndoo ya maji ya magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Inabubujika, ikitokea upande wa pili haina harufu. Nilimcheka, nikamwita injinia wa magadi. Ajabu, imekubali! Mtaa mzima wa Mfaranyaki umerudi kula.

Jumapili, 9 Juni

Tumetoka Misa, harufu imerudi. Eti magadi yameshiba. Yanashibaje? Sielewi. Nikamwambia amwage, aweke mengine. Hataki. Kasoma gazetini kwamba kwenye visima vikubwa vya gesi wanaiosha gesi kwa dawa ya maji, kisha wanaichemsha dawa itoe uchafu, waitumie tena. Mbishi huyu mwanamume!

Jumanne, 11 Juni

Baridi kali. Kafunga mlango na dirisha, kabandika jikoni yale maji ya magadi yaliyoshiba. Mimi namenya vitunguu pembeni. Yakachemka. Harufu, Mungu wangu! Mara ikakatika. Nikashangilia: imekwisha! Nikatoka kuchota maji, kichwa kinagonga. Kurudi, kalala chini, macho wazi. Nimemburuta nje kwa miguu. Sijui nguvu nilipata wapi.

Alhamisi, 13 Juni

Hospitali. Hanitambui, ananiita dada. Daktari anasema gesi ile ikizidi inaua pua kwanza. Husikii kitu, unadhani imeondoka, kumbe ndiyo imejaa. Magadi yalikuwa yameishika tu, moto ukaitoa yote kwa mpigo. Nimemrudisha daktari nyuma mara mbili, bado sielewi. Ikinuka ni mbaya. Isiponuka ni mbaya zaidi? Sasa mtu ashike lipi? Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 22 Juni

Yuko nyumbani. Ananijua. Anatembea taratibu, anashika ukuta. Nimeweka magadi mapya, ya zamani nimeyamwaga mbali. Mlango wazi, baridi na ije.

Mchana mteja kasifu: "Mama, siku hizi jiko halinuki kabisa." Nikazima moto, nikamshika mkono, nikamtoa nje na sahani yake. Kala amesimama uani, nami nimesimama naye.